Bunduki Yako ya Kwanza ya Shabaha: Pesa Ziende Wapi?

Mkaazi wa Landless, mtaa wa Thika, anayetaka kuanza mchezo wa kulenga shabaha hupewa ushauri mwingi wa vitu vya kununua, na mwingi wake humaliza pesa mahali pasipostahili. Huambiwa atafute darubini kubwa, kitako cha kisasa, miguu ya kukunja na kifyatuo cha mashindano. Akishavipata vyote, hubaki na risasi zisizomtosha hata mwezi mmoja wa mazoezi. Mwongozo huu una mpangilio mwingine: kwanza cheti, kisha aina ya bunduki, kisha uwanja, kisha risasi, kisha darubini, na marekebisho mwisho kabisa. Kila hatua ndiyo inayokuonyesha unachohitaji katika hatua inayofuata. Anayeruka moja hulipa mara mbili.

Anza na cheti

Kenya haina bunduki ya raia isiyo na karatasi. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka uwe na cheti kabla ya kununua au kumiliki bunduki, na kazi ya kukuchunguza ni ya Bodi ya Leseni za Bunduki. Utaulizwa sababu ya kutaka silaha. Tabia yako itaangaliwa, hali ya akili yako pia, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai kitahitajika. Ulevi na fujo za nyumbani ni mambo yanayoweza kukufungia mlango. Usidhani pia kwamba ukishapata cheti mambo yameisha: Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye bunduki wachunguzwe upya, na waliokuwa na vyeti vya miaka mingi wakapanga foleni pamoja na wengine.

Kwa anayepanga bajeti, kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba cheti hutaja bunduki yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kwa hiyo usilipie risasi za ofa kabla ya kusoma idadi hiyo. La pili ni kwamba bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe, za kaliba ya milimita 7.62 na 5.56, haziruhusiwi kwa raia. Kiwanda cha silaha ndogo kilichofunguliwa Ruiru mwaka 2021 hakiko mbali na kwako, lakini bunduki zake ni za vikosi vya serikali. Zako zinatoka kwa muuzaji mwenye leseni, mbele ya kaunta, na karatasi zikiwa mezani. Yeyote anayekuambia ana njia ya mkato, iwe Makongeni, Kiandutu au Nairobi katikati, anakuuzia kesi.

Kuna jambo la tatu linalohusu nia. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka adhabu kali kwa anayewinda kwa mchezo. Hivyo usinunue bunduki ukiwaza kanga wa upande wa Ol Donyo Sabuk au sungura wa mashamba ya Yatta. Bunduki yako ni ya karatasi na vibao vya chuma. Mchezo huo peke yake ni mpana wa kumshughulisha mtu maisha yake yote.

Chagua .22 ya bolti

Kwa bunduki ya kwanza ya bei ya chini, nashauri kaliba ya .22 Long Rifle yenye bolti ya kuvuta kwa mkono. Risasi hii ilitoka kwenye kampuni ya Stevens huko Marekani mwaka 1887, na hadi leo ndiyo inayofunza walengaji wengi duniani. Haipigi bega. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya risasi za bunduki kubwa. Mtutu wake hudumu maelfu mengi ya mizunguko. Tena haifichi makosa: risasi husafiri polepole, hukawia ndani ya mtutu, na mkono ukitikisika kidogo tu wakati wa kufyatua, tundu kwenye karatasi litakuonyesha.

Bolti ya mkono inakulazimisha utulie baada ya kila risasi. Unafungua, ganda linatoka, unapumua, unarudi kwenye shabaha. Anayejifunza hivyo kwa mwaka mmoja atakuwa na msingi ambao bunduki ya kujipakia haiwezi kumpa. CZ 457 ya Ucheki na Savage Mark II ya Amerika Kaskazini ni mifano ya bunduki za namna hii, na bunduki za zamani za Brno zikiwa zimetunzwa vizuri zinaweza kushindana na mpya.

Ukinunua iliyotumika, angalia ncha ya mtutu kwa tochi. Pale risasi inapotoka pawe na duara safi lisilo na pengo wala mkwaruzo, kwa sababu kasoro ndogo hapo huitupa risasi pembeni. Chungulia ndani uone kama mifuo inang'aa. Kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyofutwa au kuchongwa upya inatosha kukufanya uondoke dukani.

Pa kufyatulia

Kutoka Landless, uwanja wa kwanza wa kuuliza ni Kirigiti, Kiambu, unaotumiwa na chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki. Unafika Ruiru kwa Barabara Kuu ya Thika, unachukua barabara ya Ruiru hadi Kiambu. Kabla ya kununua chochote, piga simu au fika mwenyewe uulize: je, kuna nafasi ya bunduki ndefu, kwa umbali gani, siku zipi, na mgeni anasimamiwa na nani? Jibu la umbali ndilo litakalochagua darubini yako. Hakuna haja ya kununua kioo cha mita 300 ikiwa utafyatua mita 25 na 50.

Nyumbani hapana. Pakiti nyingi za .22 zina onyo kwamba risasi inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Pima umbali huo kutoka lango lako la Landless na uhesabu shule, makanisa, vibanda na fleti zilizo katikati. Ukuta wa mawe wa ploti si kizuizi cha risasi. Unaweza kuigeuza njia ikaruka pembeni. Hata kufyatua risasi moja ya kujaribu kwenye shamba la jamaa huko Ngoliba bila idhini ni kosa linaloweza kukunyang'anya cheti, na linaweza kumnyang'anya mtu uhai.

Risasi: hapa ndipo pesa ziende

Kwa kila shilingi 100 unayobaki nayo baada ya kununua bunduki, ningekushauri utenge 50 kwa risasi na ada za uwanja, 15 kwa vikinga masikio, miwani na sanduku la chuma la kufungia, 25 kwa darubini na pete zake, na 10 zinazobaki kwa kila kitu kingine. Wengi hufanya kinyume, kisha hushangaa kwa nini bunduki ya jirani iliyo bila urembo inapiga vizuri kuliko yao.

Risasi za .22 Long Rifle zinagawanyika katika makundi matatu ya kukuhusu. Za kasi ya wastani zina kichwa cha risasi cha greni 40, yaani gramu 2.6, na hutoka mtutuni kwa mita 325 hivi kwa sekunde. Za kasi kubwa hufika karibu mita 380. Halafu kuna nyepesi za kasi kupita kiasi, ambazo kwa mlenga karatasi hazina faida yoyote.

Chukua za kasi ya wastani. Sababu yake ni kasi ya sauti, ambayo katika hewa ya nyuzi 20 ni karibu mita 343 kwa sekunde. Risasi ya kasi kubwa hutoka juu ya kasi ya sauti, kisha hupungua na kuivuka ikiwa bado angani. Katika kuivuka huko hutikiswa, na matundu hutawanyika. Ile ya wastani hutoka ikiwa tayari chini ya mpaka huo, ikasafiri kwa utulivu hadi kwenye karatasi. CCI Standard Velocity na SK Standard Plus ni mifano miwili inayojulikana kwa bei inayobebeka. Eley Tenex na jamaa zake ni za mashindano makubwa; zisubiri.

Sasa jambo ambalo anayeanza huwa haamini mpaka alione: kila mtutu una risasi unayoipenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kutofautiana. Hakuna mtu, hata muuzaji mwaminifu, awezaye kukuambia bunduki yako itapenda ipi. Itabidi uijaribu, na jaribio lenyewe ni rahisi:

1. Nunua pakiti moja moja, zenye risasi 50, za aina tatu au nne tofauti, ndani ya idadi ya cheti chako.
2. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, shabaha ikiwa mita 50.
3. Kila unapobadilisha aina, fyatua risasi 10 au 15 kwanza bila kuhesabu. Mafuta na nta ya aina iliyopita bado imo mtutuni, na matokeo ya mwanzo hudanganya.
4. Kisha fyatua makundi manne ya risasi tano tano, kila kundi kwenye duara lake.
5. Pima kila kundi kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lile la mbali zaidi, utoe milimita 5.7 ambazo ni unene wa risasi. Andika wastani wa makundi yote manne. Usichague lile zuri ukasahau mengine.

Bunduki ya bei ya chini ikipata risasi inayoipenda, makundi ya milimita 15 hadi 25 kwa mita 50 ni matokeo ya kujivunia. Ili upate kipimo cha mbali, duara la alama 10 katika shabaha ya kimataifa ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu. Huko ndiko mchezo unakoelekea, na hutafika kwa wiki moja.

Ukishaipata risasi yenyewe, soma namba ya bechi iliyochapwa kwenye pakiti na ununue zaidi za bechi hiyohiyo kadiri cheti kinavyoruhusu. Bechi ikibadilika, jaribu tena kwa makundi mawili kabla ya kwenda mashindanoni.

Usichanganye kaliba. .22 Magnum si .22 Long Rifle, na kuiweka ndogo katika chemba ya kubwa kunaweza kupasua ganda karibu na uso wako. Soma maandishi ya mtutuni, soma ya pakiti, yafanane. Risasi ikikataa kulia, acha mtutu ukielekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti. Ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, simama, toa kila kitu, chungulia mtutu kutoka upande wa bolti. Huenda risasi imekwama ndani, na nyingine nyuma yake itapasua chuma. Na kwa kuwa vichwa vya risasi hizi ni vya ledi, madini yenye sumu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, usiende na nguo za uwanjani kwenye kitanda cha mtoto.

Darubini: ndogo iliyofungwa vizuri

Kama bunduki ina vilenga vya chuma, tumia hivyo kwa miezi ya mwanzo. Vitakufundisha mengi. Darubini ikifika, mambo manne ndiyo ya kuangalia.

La kwanza ni ukuzaji. Namba 3-9x40 inamaanisha inakuza mara 3 hadi 9, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Kwa mita 50 na 100 hiyo inatosha na kubaki. Hata ya 4x32 isiyobadilika inafaa, na kwa bei ileile mara nyingi kioo chake ni safi kuliko cha ile yenye ukuzaji mkubwa.

La pili ni umbali ambao kiwanda kimeipimia darubini. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepimwa kwa mita 90 hivi na zaidi, zile za .22 kwa karibu mita 46. Ukitumia ya bunduki kubwa kwa mita 50, msalaba utahama juu ya shabaha kila jicho lako likisogea, ingawa bunduki haijatikisika. Nunua iliyotengenezewa .22, au yenye gurudumu la kurekebisha umbali huo.

La tatu ni pete za kuishikilia. Bunduki nyingi za .22 zina mfereji wa milimita 11 juu ya mwili wake, na pete za reli pana ya bunduki kubwa hazitakaa hapo. Pima kabla ya kulipa. Pete mbaya huharibu darubini nzuri, na kinyume chake hakiwezekani: pete nzuri haiponyi kioo kibovu. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, ukienda kwa mshazari, na ufuate kipimo cha mtengenezaji. Mara nyingi huwa kati ya Nm 1.7 na 2.3. Nguvu ya bega hukunja bomba.

La nne ni kuagiza kutoka nje. Usiiagize darubini ya bunduki kwa posta au kwa jamaa anayerudi safari kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa Bodi au muuzaji wako kuhusu kibali. Vivyo hivyo kwa taa za leza, miwani ya usiku na kizima sauti: usiguse kabla ya jibu hilo.

Ukishafunga, anza kusawazisha kwa mita 25, kisha uhamie 50. Kibofyo kimoja cha gurudumu la darubini, cha robo dakika ya pembe, husogeza tundu kwa milimita 3.6 hivi kwa mita 50. Kama kundi lako limeanguka sentimita 3 chini na 2 kushoto, unahitaji vibofyo 8 kwenda juu na 5 au 6 kwenda kulia. Rekebisha kwa kufuata kundi zima. Tundu moja peke yake halisemi kitu. Ukisawazisha kwa mita 50, risasi ya kasi ya wastani itashuka sentimita 20 hivi ikifika mita 100. Jifunze mshuko huo wa bunduki yako na uuandike.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Kiambu juu zaidi. Hewa ni nyepesi, inaizuia risasi kidogo kuliko Mombasa. Programu za simu za kukokotoa mshuko huanza na hewa ya usawa wa bahari. Badilisha namba hiyo kabla ya kuziamini. Na asubuhi ya Julai yenye ukungu si sawa na mchana wa Februari. Weka daftari: tarehe, joto, bechi, matokeo. Baada ya msimu mmoja litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote utakachonunua.

Marekebisho: polepole, na kwa bei ndogo

Vya kwanza ni vya mwili wako. Mlio wa bunduki ndefu ya .22 hufika karibu desibeli 140, na masikio hayarudi yakishaharibika. Vikinga masikio na miwani vivaliwe kuanzia risasi ya kwanza, hata kama mzee wa uwanja havai.

Cha pili ni mifuko ya kuegemeza. Mpelekee fundi cherehani wa sokoni Makongeni kipande cha turubai au jinzi imara, akushonee mfuko mkubwa wa mbele na mdogo wa nyuma, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa. Kwa gharama ndogo hivi unapata utulivu ambao miguu ya kukunja ya maelfu ya shilingi haikupi.

Cha tatu ni urefu wa shavu. Darubini ikiwa juu, shavu lako litaning'inia na shingo itachoka. Kipande cha sponji ngumu kilichofungwa kwa utepe juu ya kitako kinatosha. Cha nne ni mkanda wa begani, ambao ukifundishwa kuutumia hushika bunduki pamoja na mkono wako.

Kisha angalia kama mtutu unagusa mbao. Pitisha noti kati ya mtutu na kitako, kutoka ncha kuelekea mwili wa bunduki. Ikikwama, makundi yako yanaweza kuhama kadiri mbao inavyovimba kwenye mvua za masika. Kaza pia skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwa kipimo cha kitabu chake. Skrubu iliyolegea huwafanya wengi wailaumu darubini.

Kifyatuo, yaani traiga, kiachwe kwa fundi mwenye leseni. Kifyatuo kilichopunguzwa uzito kwenye benchi la nyumbani kinaweza kufyatua bunduki inapoanguka. Mtutu usikatwe, kaliba isibadilishwe, namba isiguswe. Mazoezi ya kubonyeza bila risasi ni mazuri sana, ila soma kitabu cha bunduki yako kwanza: katika .22 nyingine sindano hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, hivyo utahitaji risasi bandia za plastiki.

Nyumbani na njiani

Vumbi jekundu la Thika hunata kwenye mafuta mengi. Paka mafuta kidogo tu, ukipangusa nje baada ya kila kushika. Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila mara. Vuta kitambaa laini kutoka upande wa bolti, na usizidishe. Fimbo ya chuma ikisukumwa kwa haraka imeharibu mitutu mingi kuliko risasi.

Njiani bunduki isiwe na risasi, bolti iwe wazi au imetolewa, ndani ya mfuko usiotangaza kilichomo, na cheti kiwe mfukoni mwako. Usiingie nayo dukani wala baa. Nyumbani ifungwe kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, risasi mahali pengine penye kufuli yake, na funguo zisijulikane na watoto wala mgeni. Hesabu risasi kila urudipo uwanjani na uandike. Siku afisa atakapouliza, jibu liwe kwenye daftari.

Jirani zako wa Landless hawakuomba uishi na bunduki karibu nao. Wanakudai utunzaji huo kila siku, pamoja na siku ambazo hufyatui. Ukishautimiza, ukafunga darubini yako sawa na kujua risasi inayopendwa na mtutu wako, hutahitaji ushauri mwingi tena. Pesa ikibaki, nunua pakiti nyingine ya bechi ileile na urudi uwanjani.